Geuza, Yuko Mbele

Mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi moja ya mjini nilikokuwa nikipiga taipu, tuliletewa kompyuta yenye mtandao. Kijana aliyekuja kuifunga alinionyesha maneno ya bluu: ukibonyeza moja, unatupwa kwenye ukurasa mwingine, pengine kwenye picha, pengine kwenye sauti ya mtu. "Hii haina mwanzo wala mwisho, sista," akajitapa. "Unaingilia popote." Wenzangu walishangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu kitu kile nilikwishakiona nyumbani kwetu Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, mapajani mwa mama yangu, na mimi ndiye niliyekiharibu.

Kwetu, kama kwa majirani wote, mgeni alipewa soda na albamu. Soda ya kumpoza, albamu ya kumshughulisha wakati mwenyeji yuko jikoni. Albamu yetu ilikuwa kubwa, ya kurasa zenye gundi na nailoni juu, na karibu yote ilikuwa ya kaka yangu mkubwa. Kaka alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani. Akasafirishwa kwenda kuzikwa kwetu Upare, na mpiga picha wa msibani akapiga kila kitu: jeneza, ndugu waliojipanga kando yake, udongo, mashada. Picha hizo nazo ziliingia kwenye albamu, maana ndivyo watu walivyofanya.

Ila mama hakuziweka mwisho. Jeneza lilikuwa katikati, na ukigeuza ukurasa kaka ana miaka saba, mapengo mawili, anakuchekea. Ukigeuza tena yuko juu ya baiskeli, na ndevu zake. Mgeni akifika kwenye jeneza na kuanza kutoa pole, mama alimgusa mkono: "Geuza, yuko mbele." Mara nyingine alimrudisha nyuma kurasa sita, au aliinuka kabisa akawasha redio kaseti, na sauti ya kaka ikajaa sebuleni akiigiza mtangazaji wa mpira, anafunga goli, anajishangilia mwenyewe. Kisha mama alifungua ukurasa wa goti lililofungwa bandeji. Kila mgeni alipata hadithi yake, na hakuna hata mmoja aliyetoka pale akiwa amemwacha kaka kaburini.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, na nilimwogopa. Nasema wazi: nilimwogopa kaka yangu. Ndege zilipopaa vioo vya madirisha vilitetemeka, na mimi niliyekuwa nikifagia sebule peke yangu nilihisi mtu amegeuza ukurasa nyuma yangu. Sauti yake niliisikia hata redio ikiwa imezimwa. Nilitaka afe kama watu wengine wanavyokufa, mara moja, yaishe. Tena nilikuwa na kiburi cha shule. Mwalimu alitupigilia vichwani kwamba insha ina mwanzo, kati na mwisho, nami nikaona mama ananiaibisha mbele za watu.

Jumamosi moja, mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilibandua picha zote. Nikazipanga: mtoto mchanga, mapengo, sare ya shule, baiskeli, jeneza, udongo, mashada. Gundi ilikuwa imechoka, na picha kadhaa zilichanika nyuma. Nilizibananisha, na kurasa tatu za mwisho zikabaki tupu. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Kesho yake baada ya ibada akaja mwanamke mmoja, mwanakwaya mwenzake mama. Nikamwamkia, nikampa soda na albamu. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akakaa ubavuni kwake.

"Mbona leo anakua haraka hivi?" mama alisema, akicheka kidogo.

Wakafika kwenye jeneza. Mgeni akatoa pole. Mama akamgusa mkono. "Geuza, yuko mbele."

Mgeni akageuza. Udongo. Akageuza. Mashada. Mama akaichukua albamu, akageuza mwenyewe, hakuna kitu. Akageuza tena, hakuna kitu. Akaupapasa ukurasa wa mwisho kwa kiganja, taratibu, kama anayetafuta homa kwenye paji la uso. Kisha akaniangalia. Hakufoka. Heri angefoka.

"Umempeleka wapi?" aliniuliza.

Nilijaribu kumrudisha. Nilimwomba mama anieleze picha zilivyokuwa zimekaa, akaniambia hajui, mikono yake ndiyo iliyokuwa inajua. Kaseti hakuiwasha tena. Wageni waliokuja baadaye walipewa soda tu, wakazungumza habari za mvua na za watoto wao.

Upare kwenye maziko mimi sikwenda. Nilikuwa na mitihani, nikaachwa kwa jirani. Ndugu wakihesabu leo nani alikuwepo siku ile na nani alishika sepeto, huwa nainuka kwenda kuosha vyombo. Mama alirudi kutoka makaburini akiwa bado na mwanawe. Aliyemzika ni mimi.