Masikio ya Mbuzi wa Kitabuni

Juzi hapa Lodwar tulipakua maboksi ya vitabu vya watoto ofisini, nikafungua kimoja. Mbuzi mwenye gauni, fisi mwenye kofia. Wenzangu walizichekea picha. Mimi nilitafuta masikio ya mbuzi, nikayakuta mazima, na tangu hapo, rafiki yangu, situlii. Nakaa, nasimama, nachemsha chai nisiyoinywa.

Nilisoma Kakuma, wenyeji na watoto wa kambi ya wakimbizi darasa moja. Kitabu cha picha kilikuwa kimoja tu, na mwalimu alikitoa kwa zamu: unakaa nacho siku moja nyumbani, kesho yake unakirudisha. Baada yangu ilikuwa zamu ya msichana wa Kikongo, jirani yetu ng'ambo ya ua wa miti ya miiba ya mathenge. Harufu ya sombe yao, mboga ya majani ya muhogo, ilitufikia kabla wenyewe hawajala. Familia yake ilikuwa imepata safari ya kuhamia Ulaya, na ilibaki wiki moja waondoke.

Jioni nilimwonyesha nyanya kitabu huku akikama. Hakujua herufi, lakini mifugo aliisoma kuliko mwalimu. "Mbuzi huyu ni wa nani?" akauliza. "Masikio hayana alama." Kwetu kila boma lina namna yake ya kukata sikio, na nyanya alipenda kusema kwamba mbuzi asiye na alama ni wa anayemwona kwanza. Nilimhurumia yule wa kitabuni. Nikachukua wembe, nikamkata masikio kama wetu, ukurasa baada ya ukurasa.

Asubuhi akili ikanirudia. Nilikuwa nimeharibu kitabu cha shule! Nikasema tumbo linauma, nikabaki nyumbani siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, mpaka wiki ikaisha, kitabu kikiwa chini ya ngozi ya kulalia. Kila saa ya kutoka shule yule msichana alisimama uani na kuniita kwa salamu aliyojifunza kwangu, "Ejok," kisha akauliza kama nimepona. Nilimjibu kwamba tumbo bado linauma.

Siku ya safari alikuja na viatu vipya, basi likiunguruma barabarani.

"Kitabu uache," akasema. "Uniambie tu mwisho. Ile fisi ilifanyaka nini?"

Niliogopa kwamba nikianza kusimulia atataka kuona na picha.

"Sijafika mwisho," nikamjibu.

Kesho yake nilikirudisha kitabu. Mwalimu alipitisha kidole kwenye zile alama, akacheka mpaka akakaa. "Masikio tu? Hii ndiyo imekuweka nyumbani wiki yote?" Akampa mtoto aliyefuata.

Nyanya alishatangulia, mbuzi wake walikwisha kwa kiangazi, na penye ua wetu sasa pana duka la simu. Majuto ni mjukuu, wanasema; wangu amekua, na bado hajahama kwangu. Kitabu kile nilikijua kwa ghibu, neno kwa neno. Mwisho wake ulikuwa sentensi moja, na basi lilikuwa bado limesimama.