Ngome Niliyoihamisha kwa Kalamu

Siku yangu ya kwanza kazini gazetini, Mhariri wa Michezo alinipa karatasi ya hatua, ile inayoonyesha kila kete iliposogezwa, ya mchezo wa sataranji wa grandmasta mmoja, bingwa wa daraja la juu kabisa. Nilichambua kwa kusifu mwanzo mwisho. Akanirudishia.

"Chuo kikuu walikufundisha kupiga makofi?" aliuliza. "Gwiji naye hukosea. Ukiona hajakosea, ujue kuna jambo. Tafuta!"

Nikatafuta kwa miaka. Kosa nililiwekea alama moja ya kuuliza, kosa kubwa mbili, na nafasi iliyopotea niliieleza kwa uchungu wa mtu ambaye mwenyewe hufungwa na shemeji yake. Nilipohamishiwa Bagamoyo nilikuwa siamini hata salamu.

Ndipo akaja grandmasta mgeni kucheza na Rehema, mwalimu wa hisabati kutoka Kerege. Wateuzi wa timu ya taifa walisubiri mchezo ule tu. Nilisimama nyuma ya Rehema, upande wa kete nyeusi, nikaandika hatua. Ikawa sare.

Nikapanga kete upya ofisini, nikifuata karatasi yangu. Mwishoni ngome ya Rehema, ile kete yenye umbo la mnara, ilikuwa safu ya c, mbali na mfalme wake. Malkia wa mgeni angeingia mraba wa f7 na mfalme amekwisha. Grandmasta asilione hilo? Nikaweka alama mbili, nikaongeza swali: walipatana? Wateuzi wakasoma. Jina la Rehema likakatwa, timu ikaondoka bila yeye.

Rehema alikuja na ubao uleule kwapani.

"Shikamoo, Mzee wa Alama."

"Marahaba."

"Siku ile ulisimama wapi?"

"Nyuma yako."

"Hebu simama tena."

Nikasimama, nikaona. Ubao ulichongwa na fundi wa hapa mjini, hauna herufi za safu pembeni. Hatua nyingine zote nilizigeuza vizuri kichwani. Ile moja, muda ukiyoyoma, nilihesabu kutoka kushoto kwangu: a, b, c. Kumbe herufi huanzia kushoto kwa weupe; kwa aliye upande wa weusi, safu ya tatu kutoka kushoto ni f. Ngome ilikuwa f6, ikilinda palepale nilipomuua mfalme.

"Mgeni hakukosea kitu," alisema. "Ungeniuliza tu, kaka."

Sahihisho lilitoka, dogo, chini ya matokeo ya netiboli.

Sasa nimestaafu. Kila Jumamosi naenda Kerege kumwandikia Rehema hatua zake za mazoezi. Anajiandaa kwa uteuzi mwingine. Kila nikiandika, anasimamisha saa, anazunguka meza, anasoma karatasi yangu. Kisha anarudi kukaa, anaiwasha saa tena.