Programu Moja kwa Dini Mbili

Kompyuta ilipoletwa shuleni kwetu Garissa, mkuu wa shule aliiweka katika chumba cha sekretari, akaifunika kwa kitambaa cha meza, kisha akatuita walimu wawili wa dini. Mimi nilifundisha Ukristo. Mwenzangu, mzaliwa wa Wajir ambaye shule nzima ilimwita Ustadh, alifundisha Uislamu. Mkuu alisema diski ya mashine ni ndogo na yeye hataki maneno. Tuchague programu moja yenye Biblia na Kurani, tuweke sahihi wote wawili kwenye fomu, tumpelekee Ijumaa asubuhi. Tukishindwa, mashine itakuwa ya sekretari.

Ustadh hakuwa na haraka. Wanafunzi wake walijaza ukumbi, na wengi walikuwa wamehifadhi kitabu chao kichwani tangu wakiwa madrasa. Mimi nilikuwa na wasichana sita wa kidato cha nne, watoto wa askari na wauguzi waliotoka "Kenya", kama watu wa huku walivyopaita kwetu bara, kana kwamba Garissa ni nchi nyingine. Tulikuwa na Biblia mbili tu, na moja haikuwa na kurasa kuanzia Ezra hadi Ayubu. Kwa mashine ile na printa yake ningewachapia mafungu ya kila somo, kila msichana na karatasi yake mkononi. Niliitaka kuliko nilivyotaka uhamisho, na uhamisho nilikuwa nimeuomba mara tatu.

Programu ya kwanza tuliyoazimwa ilikuwa na Biblia peke yake. Ya pili ilikuwa na Kurani peke yake. Ya tatu ilikwama kabla hatujaona hata herufi, halafu stima ikapotea, tukabaki tumeikodolea macho skrini nyeusi huku jasho likitutoka.

"Bole bole, mwalimu," Ustadh akaniambia, kwa lafudhi yake ya Kisomali iliyogeuza kila p kuwa b.

Kwenye joto lile nilitamani kumrushia kile kitambaa cha meza.

Jumanne rafiki yangu wa kanisani akaniletea sidii yenye vitabu vyote viwili. Niliijaribu mchana kutwa. Nilitafuta neno la Kiingereza la kisima, na visima vikajipanga kutoka kwa Hajiri hadi kwa mwanamke Msamaria, pamoja na wachungaji wote waliogombania maji katikati. Nikachapa ukurasa mmoja, nikaukunja vizuri, nikauweka mkobani. Nilifurahi hata nikasahau chai.

Jumatano Ustadh naye akaja na ya kwake, kutoka kwa shemeji yake wa mtaa wa Waberi. Nayo ilikuwa na vitabu vyote viwili.

"Walahi, mwalimu, hii ndiyo brogramu. Mimi nimeangalia yote. Ya kwako haifiki hii."

Tukabishana siku nzima. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sisi tulikuwa wawili na ngozi moja. Alhamisi nilichoka, nikasema basi kila mtu aketi mbele ya programu ya mwenzake.

Alianza yeye. Akaitafuta hadithi ya Musa alipowanyweshea mabinti wanyama wao kwenye maji ya Midiani, akaifungua ndani ya Kurani. Chini ya aya kulikuwa na maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyaona. Yalisema mwandishi wa aya hiyo amechanganya habari za Musa na za Yakobo. Ustadh aliyasoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Akafungua aya nyingine, na nyingine. Kila moja ilikuwa na kejeli yake chini.

"Mwalimu, hii ulisoma?"

Sikuwa nimesoma. Mchana kutwa sikuwa nimefungua hata ukurasa mmoja wa upande wake.

Tukaweka ya kwake. Nikaitafuta hadithi ileile katika kitabu cha Kutoka. Chini yake iliandikwa kwamba Biblia imechezewa, ndiyo maana mkwe wa Musa ana jina hili hapa na jina lingine pale. Ustadh akaangalia ukuta.

"Ubande wako sikuangalia," akasema.

Niliwakasirikia waliotengeneza, kisha nikamkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ya mwisho ndiyo iliyokaa. Hata hivyo nilijaribu. Nikasema labda tuchague mojawapo, tuwaambie watoto wasisome yale maandishi madogo.

"Na wewe ukiwa mtoto," akaniuliza, "utasoma gani kwanza?"

Ijumaa tukarudisha fomu bila sahihi. Mkuu wa shule akasema alijua tu. Wiki ile ile mashine ikawa ya sekretari, na kila nilipopita dirishani kwake nilimwona akicheza karata kwenye skrini, stima ikiwaka bila hata kupepesa.

Wasichana wangu walijiandaa kwa mtihani na Biblia mbili na karatasi moja ya visima waliyoipokezana hadi ikachanika kwenye mikunjo. Swali la visima halikuja.