Siku Mita ya Baba Ilipokataa Kulia

Juzi pale Isaka nilimwona fundi akipima nyaya za taa ya lori kwa mita, nayo ikalia piii. Kimawazo nikarudi Masumbwe, kwenye alasiri moja ya utotoni.

Baba alikuwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota za pampu zinazovuta maji kwenye mashimo ya wachimbaji. Chumba chake kilinuka vanishi iliyoungua. Alichomoa plagi kwanza, kila mara, ndipo akagusisha zile ncha mbili za mita kwenye waya. Ikilia, alisema, "Huu mzima." Ikinyamaza, "Huu umekufa."

Siku hiyo bibi alikuwa na homa, amelala kimya kabisa. Nikaichukua mita, nikamgusisha ncha mkononi. Haikulia. Nikapiga ukunga.

Baba alikuja mbio. Hakunigombeza. Alizishika zile ncha kwa vidole vyake mwenyewe, na mita ikanyamaza vilevile.

"Na mimi nimekufa, mwanangu?"

Leo najua ngozi ya mtu haiwezi kuiliza mita ile. Wakati ule baba alikilaza tu kichwa changu kifuani kwa bibi, penye harufu ya samli.

"Watu tunawapima hivi," alininong'oneza.

Nikausikiliza moyo wake ukidunda mpaka usingizi ukanichukua.