Pamba na Mdomo wa Bibi

Nilipokuwa bado mtoto wa kung'oka meno, nyumbani kwetu mtaani Biryogo nilikuwa na panya wawili. Mmoja aliishi juu ya bati na sikuwahi kumwona. Kila jino langu lilipotoka, Bibi alinisimamisha uani nikalirusha juu, nikimwambia panya achukue hilo bovu aniletee zuri. Wa pili aliitwa Pamba. Alikuwa mweupe, macho mekundu, na alilala kwenye droo ya chini ya meza ya cherehani ya Bibi, ndani ya mabaki ya vitambaa.

Pamba aliletwa na Mama, aliyekuwa akifua nguo kwa familia moja ya wageni kule Kiyovu. Siku za kurudi kwao zilipofika ikaonekana panya hawezi kupanda ndege, mtoto wao akalia sana, na Mama, ambaye mpaka leo hajui kukataa, akarudi nyumbani na boksi mkononi. Mtaa mzima ulicheka. Nyumba ya Waislamu, na bibi anayefundisha watoto Kurani, wanafuga panya. Bibi aliwajibu kwamba panya waliohukumiwa kuuawa ni waharibifu, huyu bado hajaharibu kitu, na siku akiharibu naye atahukumiwa. Sharti lake lilikuwa asikanyage mkeka wa kuswalia. Zaidi ya hapo hakumgusa hata siku moja. Alimtupia punje za wali kwa mbali, kama mtu anayelisha kuku wa jirani.

Panya hawaishi sana. Hilo sikulijua. Niliona tu kwamba manyoya ya mgongoni yamepungua, na kwamba akipanda mguu wa cherehani anasimama katikati kupumzika, kama Bibi alivyosimama katikati ya mteremko wa msikitini akijifanya anapanga mtandio wake.

Kisha Bibi akaugua. Ilikuwa alfajiri, anatawadha uani, na aliposukutua maji yakamtiririka upande wa kushoto wa mdomo bila yeye kutaka. Akachota mengine. Yakamwagika tena. Alipogeuka kumwita Mama, nusu ya uso wake ilikuwa imelala.

Hospitalini walisema ni mshipa wa uso, wakampa vidonge, wakasema utarudi polepole. Mtaani walisema amepigwa na upepo mbaya. Mimi niliamini yote mawili. Mtoto ana nafasi ya kutosha. Jicho lake la kushoto halikufumba, lilitoa machozi mchana kutwa, hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, basi kazi hiyo ikawa yangu. Jirani yetu Mama Sharifu alikuja kila siku na uji mwepesi, kwa sababu Bibi hakuweza kutafuna vizuri. Nalitaja hili mapema ili msije mkamdhania vibaya mama wa watu.

Baadaye uso ukaanza kurudi. Asubuhi moja Bibi alisukutua, akayashikilia maji mdomoni muda mrefu, mashavu yamejaa, akatuonyesha kwa kidole, na Mama akapiga vigelegele uani. Nilikimbia kumwambia Pamba. Nilipovuta droo nikamkuta ameanguka ubavu. Shingo yake ilikuwa imepinda kushoto, alipojaribu kusimama alizunguka na kuanguka, na chini ya macho yake palikuwa na machozi mekundu kama damu.

Nilimfunika na kitambaa nikaenda mbio hadi duka la dawa za mifugo barabarani Nyamirambo. Muuzaji aliniuliza kama ni ng'ombe. Nikasema hapana. Mbuzi, kuku, sungura? Nikasema panya.

"Sha, ya panya niko nayo," akaniambia kirafiki, "lakini hiyo si ya kuponyesha."

Wateja walicheka. Nami nikalia pale pale, mbele ya magunia ya chakula cha kuku, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba sitanii. Alinifungia unga wa dawa ya vifaranga kwenye karatasi, akanielekeza nichovye ncha ya njiti ya kiberiti tu, nichanganye na maziwa. Hakunidai kitu. Kuhusu yale machozi aliniambia si damu, panya mgonjwa hutoa machozi ya rangi hiyo. Mungu amlipe, sijui hata jina lake.

Mlangoni kwetu nilimkuta Mama Sharifu ameketi na bakuli la uji, akimsubiri Bibi amalize kuswali. Aliniuliza nina nini mkononi, nikamwambia. Akaenda kuvuta droo mwenyewe, akatazama, akairudisha taratibu.

"Zuhura, mwana wanjye," akasema kwa sauti ya chini, "shingo yake iko inaenda upande gani?"

"Kushoto."

"Na mdomo ya bibi yako ilienda wapi?"

Nikajigusa shavu la kushoto.

"Mnyama wa nyumbani anakubebea. Hii imebeba. Muache ajiendee, usimpe kitu. Ukimponyesha, ile ugonjwa itarudi kwa nani?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na machozi. Alimpenda Bibi, na kwake yeye kilichokuwa kwenye droo kilikuwa fidia iliyokwishalipwa, nami ni mtoto mjinga anayetaka kuirudisha.

Niliketi sakafuni na ile karatasi. Mpaka leo sijui kuieleza hali ile vizuri, kwa maana shule yangu iliishia njiani. Upande mmoja wa ukuta nilimsikia Bibi akisoma dua kwa ule mdomo uliokuwa umeanza kutamka herufi zake sawasawa. Upande huu, ndani ya droo, Pamba alikuwa akikwaruza vitambaa akitafuta pa kushikilia. Nilimpangusa macho kwa kipande cha kitenge, nikaona kupangusa si dawa, hakuwezi kuhesabiwa. Maziwa niliogopa kumpa. Niliomba, na nakiri sikuomba kwa adabu. Nilimwambia Mungu achague Yeye, maana mimi siwezi, kisha nikaogopa atakavyochagua nikamwomba asisikilize.

Chakula cha mchana sikukigusa. Bibi akaniuliza nimekula nini barabarani. Nikafungua mdomo kudanganya, kikatoka kilio, na nikamweleza yote: shingo, kushoto, dawa ya vifaranga, alichosema Mama Sharifu.

Bibi alicheka. Kicheko chake wakati ule kilikuwa cha upande mmoja, cha kutisha kidogo. Kisha akaitazama droo. Akamwita Mama, wakaongea chumbani, mimi nikabaki nje. Aliporudi akaketi mkekani, si ule wa kuswalia, akakunja kanga mapajani.

"Mlete."

Nikamwambia yeye hamgusi, ana udhu.

"Maji yapo. Mlete."

Nilimweka Pamba kwenye mapaja yake. Bibi aliyemtupia wali kwa mbali alimshika shingo kwa vidole viwili, vile vidole vya kunyoosha mshono, akamwinua kichwa. Mimi nikachovya njiti. Maziwa alimpa yeye, tone kwa tone, kwenye ncha ya kidole chake kidogo, na Pamba akalamba. Jicho la Bibi lisilofumba lilikuwa linatoa machozi kama kawaida yake, la Pamba nalo hivyo hivyo, na sikuweza kuwatazama pamoja.

Mama Sharifu alikuja kuchukua bakuli lake akatukuta hivyo. Akasimama mlangoni.

"Bi Mwajuma, unafungulia mlango kitu iliyotoka."

"Kama ni changu, kirudi kwangu," Bibi akasema. "Mimi sikumtuma mtu anibebee. Na huyu ni mzee mwenzangu."

Mama Sharifu akatikisa kichwa. Kesho yake alileta uji kama kawaida, na maziwa kidogo pembeni kwenye kikombe, bila kusema ni ya nani.

Pamba hakupona kabisa. Alisimama, akatembea, ila shingo ilibaki imeinama, na akitaka kwenda mbele alianza kwanza kwa kuzunguka. Aliishi mpaka mvua zikaisha. Siku moja nilivuta droo nikamkuta amelala vizuri, ndani ya mabaki ya nguo za Idi, hajapinda popote. Tulimzika nyuma ya jiko, na Bibi ndiye aliyechagua kitambaa.

Uso wa Bibi ulirudi wote, isipokuwa kona ya mdomo upande wa kushoto. Akichoka, ilishuka kidogo. Mama Sharifu aliiona kabla yetu sote. Nami nilipokua nikamuuliza Bibi waziwazi kama hicho ndicho kilichorudi. Alikuwa anapiga pasi, hata hakusimamisha mkono.

"Hata kama," akasema, "ni kadogo. Nimekaweza."

Miaka mingi niliisimulia habari hii kama ya mwanamke mwenye imani iliyonyooka, aliyejua kwamba ugonjwa hauhamishwi na panya. Baada ya Bibi kufariki, na hakufariki kwa hilo, Mama aliniambia walichoongea chumbani mchana ule. Bibi alimwonyesha mfuko uliokuwa na sanda yake chini ya kitanda, akamtajia nani amwoshe, kisha akatoka akaketi mkekani akasema mlete.

Kwa hiyo alikuwa na hofu. Pengine aliyaamini hayo ya kubebewa kuliko Mama Sharifu. Mimi nimefundishwa kwamba maradhi na afya viko mkononi mwa Mungu peke yake, na hilo nalishika, ingawa imani yangu si ya kujisifia. Cherehani yangu sasa iko Kimironko, upande wa pili wa jiji, na bado siwezi kuifunga droo ya chini bila kuchungulia kwanza. Ila kila alfajiri ninapotawadha huwa nayashikilia maji mdomoni muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Yakikaa, namshukuru Mungu, namwombea Bibi. Na simsahau yule mwingine, wa kwenye droo.