Siku King'ora Kilipolala

Mama Plaizi hakujua kukaa. Hata akiwa mgeni kwa watu alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshazikagua kwa macho swichi zote za sebuleni. Jina hilo mtaa ulimpa kwa sababu ya plaizi ya mpini mwekundu iliyokaa mfukoni mwa gauni lake siku zote, siku za harusi zikiwemo. Shule aliishia darasa la sita. Umeme alifundishwa na kaka yake, aliyekuwa akimtuma kupenya darini kwa kuwa alikuwa mwembamba. Kaka alipohamia mbali, wateja wakabaki mikononi mwake. Kwa miaka ishirini na mitatu alivuta nyaya kwenye nyumba za watu, na hakuna hata moja iliyowahi kushika moto. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, lakini hakuisema kwa sauti. Aliogopa kujitia mkosi.

Wasiwasi wake mkubwa ulikuwa mtoto wake wa kwanza. Binti huyo aliendesha kreni kwenye jengo la ghorofa tisa, mitaa mitatu kutoka nyumbani. Asubuhi alipanda ngazi ya chuma mpaka kwenye kijumba cha vioo kule juu, na hakushuka mpaka saa ya chakula. Wenzake walimwita Dada wa Juu. Mama yake kila akipita barabara ile alisimama, akainua kichwa, akamtafuta. Siku moja uzalendo ulimshinda, akapaza sauti, "Shika vizuri huko!" Wafanyakazi wote wakaangua kicheko. Jioni binti akamjia juu.

"Mama, unaniaibisha. Leo wameniuliza kama umenifungia na uji."

"Ungewajibu nini? Kwani hula?"

"Sitaki utani. Nikiwa kazini mimi ni mwendesha kreni. Siyo mtoto wa mtu."

Usiku ule ule Mama Plaizi aliamka mara mbili kwenda kuangalia kama viatu vya kazi vya binti yake vilikuwa na kamba nzima.

Basi kipimo cha zamani cha upepo kilipokufa pale kazini, vikombe vyake vinavyozungushwa na upepo vikiwa vimeliwa na kutu, msimamizi wa ujenzi akaagiza kipya cha kielektroniki. Alimwita Mama Plaizi kwa sababu ndiye aliyeweka taa za stoo na hazikuwahi kusumbua. Mama alikubali kabla msimamizi hajamaliza sentensi.

"Ni sensa ya hali ya hewa," msimamizi alieleza.

"Sensa?" akadakia mtunza stoo, mzee mnene asiyekosa neno. "Wanakuja kutuhesabu tena? Mimi niandikeni mara mbili."

Kidude chenyewe kilikuwa cheupe, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, na hakikuwa na kitu chochote kinachozunguka. Kilipima upepo kwa sauti ambayo sikio la mtu halisikii, na joto na unyevu pia. Msimamizi alitaka kifungwe ukutani, ghorofa ya sita, ili waya uwe mfupi. Mama Plaizi akakataa katakata.

"Ukutani kitapima ukuta. Upepo unaompata mtu kule juu hautapita hapo."

Jumapili, kreni ikiwa imepumzika, akapanda mwenyewe mpaka juu ya mnara wa ngazi, sehemu ya jengo iliyotangulia kwenda juu kuliko zote, karibu usawa wa kijumba cha binti yake. Akasimamisha mlingoti, akakikaza kidude kwenye ncha yake, akahakikisha alama ya ubavuni imeelekea kaskazini. Akashusha waya ghorofa kwa ghorofa, akiubana kwa vibano vya plastiki, asiache mahali pa kupepea wala kukwaruzwa na zege. Chini, kabla haujaingia kwenye boksi la skrini lililo mlangoni mwa stoo, akauacha uning'inie kidogo kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kuufuata waya hadi ndani. Kulikuwa na nyaya nne ndani ya ule mmoja: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na njano za kupeleka habari. Mara ya kwanza skrini ilionyesha vistari vitupu. Akabadilisha nafasi za kijani na njano, namba zikaja.

King'ora kilichokuja na kidude alikifunga kwa namna yake. Alikiweka kinyamaze pale tu habari zinapofika salama kutoka juu. Waya ukikatika, au skrubu ikilegea, kipige kelele. "Kitu kibovu kisikae kimya," alimwambia mtunza stoo. "Kikae kimya kizima tu."

Ilibaki kuweka kikomo, ile namba ambayo upepo ukiivuka king'ora kinalia na kreni inasimama.

"Weka arobaini na tano," msimamizi alisema. "Ndiyo ya siku zote."

Akaweka arobaini na tano. Hakukuwa na upepo mchana ule, skrini ilisoma moja, ikashuka ikawa sifuri na kitu. Pembeni ya namba palikuwa na viherufi vidogo ambavyo hakuvizoea. Alivitazama. Alitaka kuuliza, lakini msimamizi alikuwa ameshatoa funguo za gari, na yeye aliona haya kuonekana amekwama kwenye herufi baada ya kazi yote ile. Akafunga boksi, akalijaribu kwa kuchomoa waya wa kijani. King'ora kikalia hadi mtunza stoo akaziba masikio. Kila mtu akaridhika.

Yeye hakuridhika. Alimsihi mtunza stoo awe anamtumia ujumbe, asubuhi na mchana, wa namba inayosomeka. Jumatatu, mbili. Jumanne, tatu. Jumatano saa nne asubuhi alikuwa uani akianika nguo huku mumewe, fundi cherehani, akishona karibu na dirisha. Upepo ulianza kwa kuchezea vibanio. Mara ukachukua shuka, ukalipitisha juu ya ukuta, ukalitupa kwa jirani. Bati la banda la kuku likaanza kugonga. Simu ikalia mfukoni: "Upepo 13. King'ora kimelala. Lala na wewe."

Alisoma mara mbili.

"Baba watoto, kumi na tatu ni mwendo gani?"

"Wa nini?"

"Wa kitu chochote. Kilomita kumi na tatu kwa saa."

Mumewe alitoa mguu kwenye kanyagio. "Mwendo wa baiskeli. Tena ya mtu aliyebeba mkaa."

"Baiskeli ya mkaa inaweza kubeba shuka langu mpaka kwa jirani?"

Mumewe alitazama uani, asicheke. Mama Plaizi alikuwa ameshaingia chumbani. Chini ya godoro alitoa karatasi za kidude, akazikunjua juu ya kitanda, akafunua kurasa alizokuwa ameziruka kwa kuwa maandishi yake yalikuwa madogo kama chawa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali la safu mbili. Juu ya safu ya kwanza palikuwa na vile viherufi vya kwenye skrini, na chini yake maelezo: mita kwa sekunde. Safu ya pili ilikuwa ya kilomita kwa saa. Akashuka na kidole polepole. Arobaini na tano ya kilomita ilikaa sawa na kumi na mbili na nusu ya mita. Akashuka zaidi, akitafuta arobaini na tano ya upande ule wa kwanza, ile aliyoiweka yeye. Jedwali liliisha kabla ya kuifikia. Mstari wa mwisho ulisema upepo wa namna hiyo hung'oa miti.

King'ora hakikuwa kimelala. Yeye ndiye aliyekilaza.

Simu ya binti haikupatikana, maana simu za wanaopanda ziliachwa stoo. Akampigia mtunza stoo.

"Mpe msimamizi. Haraka."

Alisikia upepo ukivuma kwenye simu, kisha sauti ya msimamizi kwa mbali: "Mwambie mama huyo atulie. Binti yake ni mtu mzima. Kipimo si kaweka mwenyewe?" Na watu wakacheka.

Hapo ndipo alipoelewa ubaya wa jambo lenyewe. Kwa siku zote alizosimama barabarani akimtafuta binti yake, na kwa kelele zile za siku moja, alikuwa ameshatumia imani yote ya watu wale. Akavaa ndala, akatoka mbio.

Alipofika getini, kreni ilikuwa imebeba ubao mpana wa plaiwudi, wa kumwagia zege, uliofungwa kamba nne. Ulikuwa ukizunguka hewani taratibu, ukijaa upepo kama kanga, na chini yake watu watatu waliokuwa wakiuongoza kwa kamba walikuwa wakiburutwa hatua moja moja. Mama Plaizi hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye boksi, akalifungua kwa bisibisi. Skrini ilisoma kumi na nne. Akaushika waya wa kijani kwa plaizi.

Hakuvuta. King'ora kikimshtua binti mzigo ukiwa juu ya vichwa vya watu, je? Alisimama na plaizi yake, akiufuata ubao kwa macho. Ulipita juu ya rundo la kokoto. Ukayumba. Ukarudi. Ukashuka kimo cha mtu mmoja, ukagusa ardhi upande mmoja, kisha upande wa pili, na wale watatu wakaufungua kamba. Ndoano tupu ikainuka.

Akavuta.

Mlio ule ulifukuza hata njiwa wa jengo la pili. Kule juu ndoano ilisimama. Baada ya muda mfupi mkono wa kreni ukaachiwa uzunguke wenyewe kufuata upepo, kama inavyotakiwa, na mlango wa kijumba ukafunguka.

Msimamizi alikuja akiwa amevua kofia yake ngumu. "Mama! Unajua umefanya nini? Umesimamisha kazi ya watu sitini kwa sababu ya mapenzi ya mtoto!"

"Nimeisimamisha kwa sababu nilikosea."

"Nini?"

"Nimekosea mimi. Kidude ni kizima, namba ndiyo mbovu. Kinasema mita kwa sekunde, mimi nikaweka kikomo cha kilomita." Alitoa ile karatasi ya jedwali, imekunjwakunjwa na kulowa jasho. "Soma mwenyewe. Niliziona hizi herufi Jumapili, nikaona haya kukuuliza."

Watu walikuwa wamekusanyika. Msimamizi alisoma, akatazama skrini, akasoma tena.

"Kumi na nne ni..." alisema, kisha akaishusha sauti. "Hamsini. Tumekuwa tukinyanyua plaiwudi kwenye hamsini."

"Rekebisha mbele ya wote," mama akasema. "La, nitarekebisha mimi, wewe shuhudia." Akaurudisha waya wa kijani, king'ora kikanyamaza. Akabonyeza vitufe, akaweka kumi na mbili na nusu. Hakuwahi hata kuondoa kidole. King'ora kikaanza kulia chenyewe.

Binti alifika chini wakati huo, uso umemkauka kwa upepo. Alimpita mama yake, akasoma skrini, akasoma karatasi mkononi mwa msimamizi.

"Nilikuwa nahisi," alisema. "Tangu ubao wa pili. Nilikuwa nasubiri kilie. Nikasema, mama ndiye aliyekifunga, upepo ungekuwa mkubwa kingeshalia."

Mama Plaizi alitamani ardhi ipasuke. Kutukanwa na msimamizi mbele ya watu sitini kusingemuuma hivyo.

"Ukihisi, simama," alisema, sauti ikiwa ndogo. "Usiningoje mimi."

"Nimesikia, mama."

"Na iandikwe kwenye kitabu cha kazi. Kosa ni la fundi umeme, siyo la mwendesha kreni."

Msimamizi akaandika. Akawaandika pia wale watatu wa kamba kama mashahidi, na mmoja wao, viganja vimechubuka, akamwambia mama, "Mama Plaizi, leo ungechelewa ningekuwa bendera." Wachache wakacheka, si kwa nguvu.

Wakangoja. Binti alikaa juu ya mifuko ya saruji, akanywa maji. Mama yake alikaa, akasimama, akakaza skrubu iliyokwishakazwa, akakaa. Kumi na tatu. Kumi na mbili, king'ora kikakata. Kumi na moja. Ilipita nusu saa, na namba ikawa inacheza kati ya tisa na kumi. Wavu wa kijani kwenye jengo ulikuwa bado unapumua, lakini haukuchapa tena.

Msimamizi akaja, safari hii kofia ikiwa kichwani. "Mama, leo mwenye namba ni wewe. Apande au asipande?"

Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kusema kesho. Angesema tu kwamba anataka kukagua waya upya ghorofa kwa ghorofa, na hakuna ambaye angembishia leo. Binti alikuwa akimtazama huku akifunga kamba ya kofia chini ya kidevu. Mama Plaizi aliinama mbele ya skrini, akasubiri namba ibadilike mara tano, akazihesabu.

"Kumi," alisema. "Iko chini ya kikomo. Apande."

Binti akashika ngazi. Mama alitazama mpaka vile viatu vya kazi vilipofika kwenye kipandio cha tatu, kisha akajilazimisha kugeuka. Akabaki na boksi lake, midomo ikicheza bila sauti: kumi, tisa, kumi, tisa na nusu, kumi.