California ya Kwetu

Siku niliyomwambia madam kwamba natoka California bado naikumbuka vizuri. Haukuwa uongo, mwanangu. California ni mtaa wa kwetu Nairobi, karibu na Eastleigh, nimezaliwa hapo. Lakini madam niliyemfanyia kazi za nyumbani mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, alikuwa amerudi karibuni kutoka Los Angeles, mji mkubwa wa California ile ya Marekani. Aliruka, akanikumbatia.

"Rehema! Kumbe uliishi kule?"

Nikaitikia kwa kichwa. Usinicheke. Nilikuwa mgeni, na tangu nitoke nyumbani hakuna aliyekuwa amenikumbatia.

Binti yake Lulu, wa miaka minane, alizaliwa huko Los Angeles. Shuleni Jeddah walimcheka kwa Kiarabu chake kibovu. Basi kila alasiri anakuja jikoni: "Rehema, nihadithie watu wa kwetu." Nami najua nini kuhusu Los Angeles? Nikamsimulia majirani wangu: kila mlango lugha yake, wanawake wanaitana ghorofa kwa ghorofa, na mahindi ya kuchoma barabarani, yamepakwa pilipili na ndimu.

"Ndiyo!" akapiga makofi. "Yule mzee Mmeksiko wa kona ya kwetu!"

Nikachanganyikiwa kabisa. Nilikuwa namdanganya mtoto, na kila nililosema lilikuwa kweli.

Ikaja likizo, wakapanga safari ya Los Angeles. Lulu akasema lazima wapite kwetu wamsalimie mama yangu. Madam akashika kalamu aandike mtaa. Ikabidi niseme kwamba California yangu ni ya Nairobi.

Madam akaiweka kalamu chini, akasema, "Halas, basi, Rehema. Mtoto wangu alikuamini."

Nilijitetea kwamba sikutaja jambo lisilokuwepo. Hata mimi sikujielewa.

Lulu hakulia. Aliniuliza tu, "Sasa hapa nani anajua kwamba mimi ni wa kule?" Hakuja tena jikoni.

Mwanangu, kesho unapanda ndege. Ukiulizwa kwenu wapi, taja mji mpaka mtaa, na aliyekusikia vibaya msahihishe papo hapo, hata kama furaha yake inakupendeza. Usikubali kupendwa kwa kosa la masikio ya mtu, maana yupo atakayeegemea hapo, na akianguka hutajua pa kumshika. Mungu akutangulie, na huko uendako akupe hata mtu mmoja anayeujua mtaa wenu.